Finjani Isiyotikiswa

Siku ile mjinga alikuwa Hamdun, na hapana haja ya kumsingizia mtu mwengine. Watu watano walikuwamo katika nyumba ile, kila mmoja na kasoro yake aliyoandikiwa na Mola wake, lakini ujinga, ule ujinga wa kupimwa kwa pishi, ulikuwa wa Hamdun peke yake. Hata leo ukimkuta pale Ibra, huko Oman, anajaza lori lake la maji, ukamuuliza, hakatai. "Nilipanda darini mtu mzima," atakwambia, "nikashuka kichekesho." Kisha atacheka. Lakini ukimkaribisha kahawa atakwambia ahsante, moyo wake haupatani nayo siku hizi.

Hamdun alikuwa mtu wa mzaha. Kazaliwa Unguja, kaondoka huko mgongoni mwa mama yake kabla hajajua kutaja jina la mtaa wao, na tangu hapo dunia ndiyo iliyomsomesha, tena bila ya huruma. Kachukua magunia Mombasa, kalala njaa Dubai zama hizo Dubai yenyewe mchanga mtupu, kafukuzwa kazi Sur kwa sababu Kiarabu chake kiliwachekesha wateja, mpaka akaangukia Ibra na lori la tangi. Katika masomo yote hayo alihitimu kwa funzo moja: watu wakikuona unalia watakuongeza, wakikuona unacheka watajiuliza una nini. Basi akawa anacheka. Siku daktari alipomwambia ana kisukari, Hamdun alimpa mkono. "Alhamdulillahi," alisema, "nilikuwa nikishangaa kwa nini watu wananipenda."

Nyumba nayo ilikuwa ya babu yake, yeye na Amna, binti wa mama yake mdogo. Ilikuwa katika mtaa mkongwe wa Ibra, na mtaa ule ulikuwa umekufa. Majumba ya udongo ya ghorofa mbili yaliyojengwa kwa fedha za karafuu za Unguja, wenyewe walikuwa wameyahama kwenda kwenye nyumba za saruji zenye viyoyozi. Kwanza waliondoka na vitanda, baadaye wakarudi wakang'oa na milango. Kuta zikabaki zimeegemeana kama wagonjwa. Ukipita mchana ulisikia udongo ukimwagika ndani ya vyumba, polepole, kama mtu anayepepeta mchele, na ukichungulia humwoni mpepetaji.

Mtaa huo maiti ndio ambao Hamdun na wenziwe waliuita Mjini.

Jina lilitokana na Thabit. Thabit alikuwa muuguzi, mrefu kama mnara, aliyewahi kupelekwa London kusoma, akarudi na cheti kimoja na hadithi zisizokwisha. "Mtaa mzima, bwana wee!" alikuwa akisema, macho yanamng'ara. "Taa za rangi, muziki unatoka kila mlango, mwanamume kamshika mwenziwe mkono, mwanamke kamwegemea mwenziwe begani, na askari anapita anawaambia habari za jioni. Hakuna anayekuuliza wewe mwana wa nani."

"Hakuna anayekuuliza mwana wa nani?" Hamdun alishtuka. "Sasa mtu akifa huko, nani anamzika?"

Ibra haikuwa na mtaa wa namna hiyo, na kama Muscat ilikuwa nao, basi ulifichwa vizuri. Kwa hiyo wao, wanaume waliopenda wanaume na wanawake wawili waliopendana, walijipatia wao: ua mmoja, jamvi, kandili, redio ya kaseti na dele la kahawa. Alhamisi baada ya maghribi mmoja humpigia mwenziwe simu akamwambia, "Leo tunakwenda Mjini," na aliyesikia kando alidhani watu wanakwenda zao Muscat kununua vitambaa.

Wale wanawake wawili ni Amna mwenyewe na somo yake, Khole. Waliuza udi na nguo katika soko la Jumatano, lile soko la Ibra ambalo ni la wanawake watupu, mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia. Walikaa nyumba moja miaka na miaka na hakuna aliyeuliza kitu, maana wanawake watu wazima wakikaa pamoja, watu husema maskini, wanaliwazana. "Na kweli tunaliwazana," Khole alikuwa akisema, na Amna humpiga kofi la paja.

Ulinzi wa Mjini ulikuwa kazi ya Hamdun, na hapa ndipo mambo yalipoanzia. Ili watu wasisogee kule jioni, Hamdun alitunga jini. Alimtunga kwenye kituo cha petroli huku akila sambusa. Akasema katika majumba yale yumo bibi harusi, kajifunika shela la kijani, bwana harusi wake hakuja usiku wa harusi, naye hakuvua shela mpaka leo. Anakaa anangoja. Mwanamume akipita kule jua likishatua, humwita kwa jina lake. Akaongeza na kwikwi kidogo, akapangusa jicho, akaenda zake. Muda si mrefu hata mbuzi walikuwa hawapelekwi tena upande ule.

Mwaka uliofuata, Hamdun alikuwa Nizwa katika soko la mbuzi la Ijumaa, akamsikia mchuuzi mmoja mtu wa mji wa Adam akiwahadithia wenziwe habari za bibi harusi wa Ibra. Hamdun alisogea kusikiliza kazi yake mwenyewe, kama fundi anayetazama mlango aliouchonga. Yote yalikuwamo: shela, bwana harusi, kuita kwa jina. Kisha yule mchuuzi akasema, "Na kahawa haimtoshi. Ukimmiminia hunywa. Ukimwongeza hunywa. Hatikisi finjani, asilani."

"Hilo nani kakwambia?" Hamdun aliuliza.

"Babu yangu," alisema yule mtu. "Alimwona yeye, zamani, kabla mimi sijazaliwa."

Hamdun alicheka. Lakini njia nzima ya kurudi hakufungua redio.

Sasa habari ya kutikisa finjani. Oman, mwenye dele hakuulizi umetosheka au hujatosheka. Unamaliza, anakumiminia. Unamaliza, anakumiminia. Ukishatosheka unaitikisa finjani kidogo kwa vidole, hivi, naye anaichukua na mambo yameisha. Mtu wa huku analijua hilo tangu yuko kwenye mbeleko. Lakini Ghassan hakuwa wa huku. Ghassan alizaliwa Bujumbura, katika familia ya Waarabu wa bara, na alipofika Oman mara ya kwanza, kijana, alichukuliwa msibani Al Qabil akaketishwa kwenye jamvi baina ya wazee. Mama yake alimfundisha kwamba kukataa cha mtu ni ufedhuli. Na aliyeshika dele siku hiyo alikuwa Hamdun.

Hamdun aliona tangu mapema kwamba yule mgeni hajui. Akammiminia. Akammiminia. Ghassan akanywa, jasho likamtoka, akanywa. Hamdun uso mkavu kama imamu. Mwisho aliinama sikioni mwake akamwambia, "Itikise, ndugu yangu, kabla hatujakuzika ubavuni mwa marehemu."

Ghassan alicheka msibani. Wazee waligeuka. Na Hamdun, ambaye alikuwa amewachekesha watu nchi tatu, alihisi kwa mara ya kwanza kwamba kicheko cha mtu kinaweza kumwingia mtu mwengine kikakaa.

Toka siku hiyo walikuwa pamoja, kadiri watu kama wao walivyoweza kuwa pamoja. Ghassan akawa fundi mitambo Qalhat, karibu na Sur, na kila Alhamisi aliendesha gari mpaka Ibra. Alikuwa mpole, msema kweli, na alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda kujibiwa. "Hamdun, unanipenda?" Naye Hamdun: "Nakupenda kama lori langu, na lori lina tairi mpya." "Hamdun, tutakuwaje uzeeni?" "Tutakuwa na mvi, we ulitaka pembe?" Ghassan hucheka. Kila mwaka alicheka kidogo kuliko mwaka uliopita, na Hamdun aliliona hilo, akaongeza mzaha.

Hata wiki hiyo, mwaka wa elfu mbili na moja, Ghassan akapiga simu. "Bwana Hamdun. Alhamisi nina neno na wewe. Nakuomba, siku moja hiyo tu, usinichekeshe."

Hamdun alilijua neno lenyewe, Thabit alikwisha kumdokeza. Kampuni ilitaka kumhamishia Ghassan Dubai, na nyumbani kwao walikwisha kumposea binti wa Sur, Manar jina lake. Ghassan atamwuliza Hamdun twende Dubai pamoja, tukae mji mkubwa ambao jirani hakujui, au nibaki nioe? Na jibu la kweli Hamdun alikuwa nalo, limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alitaka kwenda. Alitaka kwenda mpaka akiwaza usiku moyo ulimwenda mbio. Lakini kulisema kwa uso mkavu, bila ya kicheko cha kujifichia, hilo alikuwa hajalifanya tangu utotoni, na mara ya mwisho alipolifanya alipigwa.

Basi mtu kama huyo akiogopa hufanya nini? Hufanya mzaha. Alimtuma Amna soko la Jumatano amnunulie shela la kijani.

"La nini?" Amna aliuliza.

"Nataka kuolewa."

"Na nani atakuchukua, na kisukari hicho?"

Akamletea shela la bei rahisi la Kihindi, limejaa vipuli vya plastiki vinavyometa. Nia ya Hamdun ilikuwa hivi: atawahi Mjini kabla ya wenziwe, atajificha chumba cha juu, na Ghassan akianza tu kusafisha koo lake, bibi harusi wa kijani atashuka ngazi kwa madaha. Watapiga kelele, watacheka, na neno litaahirishwa wiki moja. Na wiki ijayo Mungu mkubwa.

Aliegesha lori chini ya mtende, akaingia jua linazama. Ndani ya nyumba kulikuwa na baridi kuliko ilivyopaswa. Alipanda ngazi za udongo, akaingia chumba cha juu chenye dirisha la vitundu linalotazama uani, akajitanda shela lake, akakaa juu ya kasha kuukuu la bibi yake. Akangoja. Nje muadhini aliadhini maghribi mbali, upande wa nyumba za saruji, na sauti ilifika imechoka. Chumbani palinukia udi. Hamdun akajiambia ni kasha. Lakini kasha lilikuwa tupu miaka mingi.

Akawasikia wanaingia. Viatu vya Thabit. Sauti za Amna na Khole wakibishana juu ya halua. Kisha hatua za Ghassan, alizokuwa akizijua hata usingizini. Kandili likawashwa, mwanga ukapenya vitundu ukamwagika usoni mwake.

"Shikamoo, dada Amna," alisema Ghassan.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivi?"

"Hamdun yuko wapi?" Ghassan aliuliza. "Lori lake liko nje."

Hamdun akabana kicheko. Akasikia Khole akipiga ukelele, na Thabit akiangua kicheko kikubwa. "Loo! Huyo hapo! Hamdun wee, makubwa haya!"

Wamenionea wapi, Hamdun akajiuliza. Akainamisha jicho kwenye kitundu.

Chini uani, kwenye jamvi, karibu na nguzo, mahali pake pa kila Alhamisi, alikuwa amekaa bibi harusi wa kijani.

Shela lilimfunika mpaka chini, zito, halikutikisika kwa pumzi. Vidole tu ndivyo vilivyoonekana, na hina yake ilikuwa nyeusi mpaka fundo la kidole. Khole alimzunguka akipiga vigelegele. "Mpaka na hina kapaka! Mwanamume kazi!" Thabit alimwinamia. "Bibi harusi, mahari kiasi gani?" Hakujibu. "Kaamua kutosema!" alisema Thabit. "Basi leo tutapumua." Wakacheka wote, isipokuwa Ghassan.

Hamdun alitaka kupiga ukelele. Kinywa kilifunguka, sauti haikutoka. Akaangalia ukutani, kule chini. Kandili lilikuwa limemtupia kila mtu kivuli chake: cha Thabit kirefu, vya wanawake wawili vimeungana, cha Ghassan kimeinama. Yule wa kijani hakuwa na kivuli ukutani. Hamdun akashusha macho. Kivuli kilikuwa huku juu, sakafuni, mbele ya miguu yake, kimekaa kitako na shela lake, na mwanga hautoki upande huo.

Chini, Ghassan alikuwa ameshika dele. "Dada Amna, niachieni mimi nimimine leo," alisema. Akapiga magoti mbele ya shela la kijani. "Bwana Hamdun. Nilikuomba usinichekeshe, na wewe umekuja hivi. Sawa. Nimekasirika nilipokuona, nimemaliza. Sasa naona labda ni bora. Uso wako ndio unaonishinda kila siku, unaanza kucheka kabla sijamaliza. Leo huna uso. Nitasema na shela."

Thabit akaacha kucheka. Amna akamshika Khole mkono.

"Kampuni wananipa uhamisho wa Dubai. Jumamosi nijibu. Nyumbani wanataka nimwoe Manar, binti wa watu, hajanikosea kitu. Mimi peke yangu siendi Dubai. Mtaa wenye taa bila ya wewe ni taa tu. Basi sikiliza. Ulinifunza wewe, siku ile ya msiba. Nitakumiminia. Kama umetosheka na mimi, itikise finjani, nitarudi Sur nitaoa, na sitakulaumu. Kama hujatosheka, kunywa."

Akammiminia.

Na hapa ndipo ujinga wa Hamdun ulipokomaa ukawa na mbegu. Kwa sababu sauti ilikuwa imemrudia. Aliisikia inapanda kooni, angeweza kupiga ukelele, Ghassan, mimi niko huku! Hakupiga. Alishika vitundu vya dirisha kwa vidole vyote, akajiambia kwanza nisikie. Mtu aliyekimbia swali miaka yote aliona mwengine kakaa mahali pake anaulizwa kwa niaba yake, na moyo wake, badala ya kuogopa, uliona nafuu.

Mkono wenye hina uliinua finjani ukaipeleka chini ya shela. Na Hamdun, huko juu, akahisi kahawa kinywani mwake: chungu, moto, yenye iliki. Alimeza. Hakuwa na budi.

Finjani ikarudi tupu. Haikutikiswa.

Ghassan akamimina tena. Kahawa ikapita tena kooni mwa Hamdun. Ghassan akazidi kumimina, machozi yakimtoka bila ya aibu, na yule wa kijani akanywa, akanywa, kama ardhi ya kiangazi. Amna alisema taratibu, "Hamdun, basi, moyo wako." Haikutikiswa. Mwisho Ghassan aliinamisha dele, likatoa matone, kisha halikutoa kitu. Likawa limekauka.

"Hujatosheka," Ghassan alisema. Alisema kama mtu anayesoma jina lake mahali asipolitarajia. "Basi nimejua."

Bibi harusi akainuka. Hakuegemea nguzo, hakujikusanya, aliinuka tu kama moshi unavyoinuka. Finjani ilikuwa bado mkononi mwake. Akaelekea kwenye ngazi.

"Anakwenda kuvua," alisema Khole. "Mwacheni, kaona haya."

Hamdun alisikia bangili. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Kile kivuli sakafuni kikasimama, kikawa kinarefuka kuelekea mlangoni kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni. Hamdun alijaribu kusoma Ayatul Kursi, ikamchanganyikia na wimbo wa harusi. Shela lilitokea mlangoni. Lilinukia udi na udongo mbichi, ule udongo wa kaburi jipya lililomwagiwa maji. Lilimjia mpaka likawa linamgusa magoti. Lilikuwa la uzi wa fedha wa mkono, kazi ya zamani, na mbele ya uso halikwenda wala halikurudi, maana hapakuwa na pumzi nyuma yake.

Ule mkono ulimtia finjani kiganjani, ukamkunja vidole juu yake kimoja kimoja, kama anavyofanyiwa mtoto akipewa zawadi. Kisha shela likampita, likaketi juu ya kasha, likamgeuzia mgongo.

Hamdun hakushuka ngazi, alimwagika. Alifika uani shela la plastiki limemzonga shingoni, vipuli vikidondoka, jasho kama mvua.

Thabit akapiga makofi. "Karibu, bibi harusi! Kumbe unakimbia mume?"

"Si mimi!" Hamdun alisema. "Wallahi, wallahil adhim, si mimi! Mimi nilikuwa juu!"

"Tumekuona ukipanda," alisema Khole.

"Hamkuniona mimi! Mimi nilikuwa juu tangu maghribi! Yuko juu, kaka—kakaa kwenye kasha!"

Wakacheka. Nani angemwamini? Mtu anayedanganya kila siku, siku akisema kweli hana sauti ya kuisemea. Thabit alichukua kandili akapanda nalo juu, mwanamume wa hospitali, haamini kitu. Walisikia viatu vyake vikizunguka. Alirudi. "Hapana mtu," alisema. Lakini hakucheka tena, na ile mikono yake mirefu aliificha kwapani. "Kasha lina joto," akasema. "Kama mtu kainuka sasa hivi."

Amna alikuwa amemsogelea Hamdun, kashika ncha ya shela lake baina ya vidole, na uso wake ulikuwa unabadilika. Yeye alijua nguo, ndiyo biashara yake. "Hili ndilo nililokununulia mimi," alisema. "Vipuli hivi. Lile jengine, Hamdun, lile la uzi wa fedha. Lile umelipata wapi?" Hakungoja jibu. Akamvuta Khole karibu, akaanza kusoma kwa sauti ya chini.

Ghassan peke yake hakuondoka mahali pake. Alikuwa bado kapiga magoti, dele tupu mbele yake, anamtazama Hamdun. Na Hamdun akatanabahi kwamba finjani iko mkononi mwake, na mkono unatetemeka, na akiachia utetemeke hivyo mbele ya Ghassan itakuwa imetikisika. Aliishika kwa mikono miwili, akaibana kifuani. Ndani ilikuwa kavu, ina vumbi, kama haijapata kuguswa na kitu cha majimaji tangu kufinyangwa.

"Ghassan," alisema. "Nisikilize. Usijibu Jumamosi kwa sababu ya lile."

"Lile nini?"

"Lile lililokunywa! Si mimi niliyekunywa. Mimi sikukuahidi kitu. Mimi sijasema neno."

"Najua hujasema neno," alisema Ghassan. "Finjani hiyo umeibana hivyo kwa nini?"

Hamdun alirudi nyuma hatua moja, finjani kifuani.

"Itikise basi. Kama si wewe, itikise sasa hivi, nikuone. Niende zangu Sur."

Mikono ya Hamdun ilizidi kubana mpaka vifundo vikawa vyeupe. Angesema. Lilikuwa hapo, ulimini, neno fupi kabisa. Mtoto wa madrasa angeweza kulitamka. Akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa kile kile, kicheko, kidogo, kikavu, cha mtu aliyezoea.

"Ya akhi," alisema, "utakwenda kujenga maisha Dubai kwa jibu la jini? Kitu hakina kivuli, hakina pumzi, hata uso hakina! Hiyo ndiyo akili ya kwenu Bujumbura?"

Ghassan alisimama. Alijipangusa vumbi magotini, akachukua ufunguo wa gari kutoka kwenye jamvi, akamtazama mara moja, kwa upole, kama anavyotazamwa mgonjwa.

"Nitakwenda. Mwenye uso nimemwuliza miaka yote hii, akanichekea," alisema. "Asiye na uso nimemwuliza mara moja tu, akanywa mpaka dele likakauka."